Mama mkubwa kwa chaki nyeusi

Wanaotafsiri humwita shangazi wa mchoraji Mfaransa Georges Seurat. Mimi ulimi unakataa. Anaïs Faivre Haumonté alikuwa dada wa mama yake, na kwetu huyo ni mama, awe mkubwa au mdogo.

Alipofariki mwaka 1887, Seurat alimchora kitandani pale alipolala, kwa chaki nyeusi ya Conté. Mume wa marehemu, Paul, mfanyabiashara wa vitambaa aliyependa kupaka rangi, ndiye aliyemtia Seurat hamu ya uchoraji tangu utotoni. Mkono uliofunzwa na mume ndio uliomchora mke. Kila nikilifikiria hilo nanyamaza kidogo.

Chaki ina jina la Nicolas-Jacques Conté, ambaye mwaka 1795, vita vikiwa vimezuia grafiti ya Uingereza, madini meusi ya penseli, isifike Ufaransa, alichanganya unga wa grafiti na udongo akauchoma. Penseli za wanafunzi wangu hapa Morogoro bado zinatengenezwa hivyo.

Seurat hakutegemea mistari. Alichukua karatasi nene yenye mikwaruzo, akaisugua kwa chaki taratibu. Chaki inashika kwenye matuta tu, vibonde vinabaki vyeupe, kwa hiyo hata penye giza zito pana chembe za mwanga. Jumamosi nilijaribu. Ukikandamiza mara moja, vibonde vinajaa, giza linakufa. Inabidi upitishe mkono mwepesi, tena na tena, kama unayempaka mtoto mafuta.

Nilikuwa namchora mama mkubwa wangu, aliyenilea. Tulimzika Turiani mwezi wa tatu. Picha iliyowekwa juu ya jeneza ilikuzwa kutoka kwenye kitambulisho, macho yakawa mabaka mawili, na waombolezaji wakapita mbele yake wakiinamisha vichwa. Iliniuma sana. Usiku wa kuamkia maziko nilikuwa nimekaa mkekani karibu na kichwa chake mpaka alfajiri, taa ya chemli ikiwa upande wa miguu, na uso wake niliuona vizuri: khanga imefungwa chini ya kidevu, shavu la kushoto limeingia ndani kidogo pale alipong'olewa magego.

Shavu nimelipata. Nilianza nalo, nikasugua kwa zaidi ya saa moja, na binti yangu alipopita nyuma yangu alisema, "Bibi huyo." Nyusi bado sijazigusa.