Kifuniko cha Maji

Jumamosi asubuhi yule wangu wa mwisho (mnamjua, haombi ruhusa) aliingia jikoni na boksi la viatu mkono mmoja, mkono wa pili kifuniko cha chupa kimejaa maji. Ndege kagonga dirisha. Alikuwa ameshamwinamia, kifuniko ki karibu na mdomo.

Nilipiga ukelele. Mimi, ninayewakemea watu wasinong'one mbele ya mnyama aliyeumia!

"Kwani hana kiu, Mama?" akauliza, machozi yakimlengalenga.

Nilianza kazi hii ya kuuguza wanyama wa porini nikiwa na miaka 19, nikijiona tayari nimekumbatia watoto wa wanyama kifuani. Nikapewa ndoo. Nilideki, nikafua taulo, nikakwangua vinyesi vizimbani, nikajaza daftari la mapokezi. Kumpapasa mnyama, mwiko. Kuzungumza naye, mwiko. Kwa mnyama wa porini sauti ya mtu ni sauti ya adui, na kinda aliyezoea mikono ya watu hatajua tena wenziwe ni akina nani. Tulikuwepo pale ili tuogopwe na tusahauliwe. Mimi nilitaka kupendwa.

Siku ya 11, msimamizi alikuwa chumba cha ndani akifunga mguu wa mnyama uliovunjika, mlango ameufunga. Mtu akaleta mbayuwayu na kuondoka. Sababu: kioo. Maagizo yalikuwa ukutani, mbele ya macho yangu: boksi lenye giza, joto, kimya, usimpe chochote. Nilimweka kwenye mizani, nayo ikasita kidogo kabla ya kukubali kwamba kuna kitu juu yake. Gramu 18.

Ilibaki kumfunika tu. Lakini alikuwa amenigeuzia jicho, mdomo wazi, anatweta. Sikujua kuwa ndege akitweta hivyo anatafuta hewa. Nilichoona mimi ni kiu. Nikachukua bomba la sindano lisilo na sindano, nikavuta maji, nikamdondoshea matone mawili.

Alitikisa kichwa mara moja, kama mtu aliyepaliwa. Na kweli alipaliwa. Tundu la hewa la ndege liko papo hapo nyuma ya ulimi. Akiwa mzima hulifunga mwenyewe anapomeza, lakini aliyezubaa kwa kugonga kioo hawezi. Maji yale yaliteremka moja kwa moja kifuani. Viputo viwili vikatokea kwenye matundu ya pua, vidogo, vinang'aa, kimoja kikapasuka. Nikamkaza vidoleni nikidhani namtuliza. Ndege hana kiwambo, ule msuli wa kupumulia chini ya mapafu, kama chetu. Hupumua kwa kusogeza kidari, na kidari chake nilikuwa nimekibana. Mkia wake wa panda ukafunguka kama mkasi, ukafunga. Jicho halikuniacha. Nilikuwa bado nasubiri anyanyuke nilipogundua kwamba vidole vyangu ndivyo vinavyotetemeka, yeye hatetemeki tena.

Daftari lilikuwa na safu ya mwisho: matokeo na sababu. Niliandika: *Amekufa. Aligonga kioo.* Nikaosha bomba, nikalianika, nikarudi kwenye ndoo yangu.

Msimamizi alitoka, akasoma, akampindua yule ndege chini ya taa. Alikaa naye muda mrefu kuliko nilivyopenda. Akagusa manyoya ya kidevuni, ambayo bila shaka yalikuwa bado mabichi. Kisha akatia saini, akanitazama, akasema, "Kesho njoo mapema, nitakufundisha kushika."

Mpaka leo sielewi. Pengine hakuona kitu. Pengine aliona kila kitu, akakadiria kwamba baada ya siku ile sitarudia tena. Au walikuwa na upungufu wa watu wa kudeki, hilo nalo linawezekana. Nilifanya naye kazi miaka mingi na sikuuliza. Sasa hayupo wa kuulizwa.

Ninachojua ni kwamba vijana wanaokuja kwangu, kabla hata ya kushika ndoo, nawaonyesha lile tundu nyuma ya ulimi. Nawaambia mpe joto kwanza, mwili uliopoa hausagi chakula, na maji si ya kukisia, yana kipimo chake na njia yake. Huandika kila neno. Wananiona hodari. Hakuna aliyewahi kuniuliza nilikojifunzia.

Nilichukua kifuniko, nikamwaga maji sinkini. Tukamfunika yule ndege, tukaliweka boksi juu ya kabati, mbali na paka. Nikamweleza mwanangu habari ya tundu, polepole. Alisikiliza vizuri sana.

"Sasa wewe ulijuaje?"

"Nilifundishwa."

"Na nani?"

Ndani ya boksi kucha zikaanza kukwaruza. Nikamwambia ashushe sauti, mgonjwa anahitaji utulivu.