Chumvi ndiyo yenye shamba: mpunga wa delta ya Rufiji

Karibu nusu ya mikoko yote ya Tanzania iko delta ya Rufiji, na anayeitazama kutoka angani hudhani ni pori tupu. Kumbe imekatwa, ikalimwa, ikaachwa, ikaota tena mara nyingi.

Kabla ya mpunga kushika kasi, mali ilikuwa boriti, nguzo za mikoko. Majahazi yaliipakia kwa korija, yaani miti 20 kila moja, kwenda Unguja, Oman na Ghuba. Vyumba vya nyumba za mawe za Unguja ni vyembamba kwa sababu boriti haivuki zaidi ya mita 3 hivi. Wajerumani waliiweka mikoko hii chini ya usimamizi wa serikali mwaka 1898, wakitaka pia magome ya kutengenezea ngozi.

Mpunga una akili yake. Maji ya chumvi ni mazito kuliko ya mto, kwa hiyo bahari ikijaa huyainua hayo ya mto, yasiyo na chumvi, na kuyarudisha vijitoni mpaka yanafurika shambani. Masika, mto ukiwa na nguvu, bamvua, yaani maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, humwagilia bure. Kiangazi bamvua hiyohiyo huleta chumvi.

Wanyagatwa, wenyeji wa delta, hukata mikoko, huiacha ikauke, kisha huichoma, visiki hubaki. Miche huoteshwa kwenye kitalu cha mwinuko na kuhamishwa mvua zikishaosha udongo. Iwe mirefu. Mifupi hukatwa na kaa, au huzama maji yakijaa na kuoza. Wapo waliomwaga dawa ya wadudu kuua kaa. Hasara tupu, maana kamba na samaki hukulia maji hayohayo. Mpunga ukianza kuzaa, familia huhamia kwenye dungu, kibanda cha juu ya nguzo, kufukuza ndege na nguruwe. Baada ya miaka michache magugu hushinda, shamba linaachwa, na mchu, aina ya mkoko, huwahi kurudi. Kujenga tuta ili kuikausha ardhi si dawa: salfa ya udongo wa mikoko ikikutana na hewa hugeuka asidi.

Mafuriko ya miaka ya 1970 yaliusukuma mto upande wa kaskazini, na majembe yakaufuata. Sasa Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa Desemba 2022, linazuia tope na kupunguza mafuriko yaliyokuwa yakiosha chumvi. Bamvua za Machi ndizo kubwa, hivyo maji ya kijito yaonjwe siku hizo, kabla mche haujahamishwa.