Bibi kaja na kilo mbili za kokoa, tukatengeneza mayai ya Pasaka

Mimi nimekulia Kyela, kule chini karibu na ziwa Nyasa, nyumba yetu imezungukwa na migomba na kokoa, na nilionja chokoleti kwa mara ya kwanza nikiwa kidato cha kwanza, mwenzangu bwenini alinikatia kipande kimoja cha mraba. Hilo jambo limekaa moyoni miaka mingi. Tulikuwa tunapasua matunda ya kokoa tangu hatujaanza shule, tunanyonya ule utelezi mweupe unaozunguka punje, mtamu wenye ukakasi kidogo kama stafeli, halafu punje tunazitema kwenye ndoo sio chini, maana kila punje ni hela ya daftari. Tulijua kokoa inapandwaje, inavundikwaje, inauzwa wapi. Ila inaliwaje hatukujua.

Sasa wanangu wamezaliwa Dar, mkubwa ana miaka 7 mdogo ana 4, kwao ni kinyume kabisa, chokoleti wanaijua vizuri sana ila wanadhani inaanzia supamaketi. Kila Pasaka ikikaribia zinapangwa pale mbele kwenye malipo, mayai ya chokoleti kwenye karatasi za kung'aa, yanatoka nje na bei yake ni ya nje. Mwaka jana, 2025, mama yangu aliposema anakuja kula Pasaka na sisi nikamwambia mama, pamoja na mchele wa Kyela naomba uniletee na kokoa kavu kilo mbili. Akauliza ya nini, nikamwambia tutatengeneza mayai na watoto. Kimya kidogo kwenye simu halafu akasema haya.

Alifika Jumatano Kuu usiku, miguu imevimba kwa safari, na kabla hata hajakaa vizuri kashafungua kiroba anawaonesha wajukuu. Punje kavu za kokoa ni kama lozi, rangi ya udongo, na harufu yake watu hawaitegemei, inanukia siki. Mdogo akaziba pua, "Bibi zimeoza?" Basi bibi yao akakaa nao chini akawaeleza, kwamba zikitoka kwenye tunda zinajazwa kwenye sanduku la mbao, zinafunikwa majani ya mgomba, zinakaa siku kama sita na zinageuzwa kila baada ya siku mbili, zinapata joto zenyewe bila moto mpaka ukizamisha mkono unautoa haraka. Ndo kuvundika huko, usipovundika hupati ladha ya chokoleti hata uchome vipi. Halafu ndo zinaanikwa juani. Nilikuwa nasikiliza na mimi, nimefanya hiyo kazi utoto wangu wote ila sikuwahi kukaa nikaelezwa hivo, tulikuwa tunaambiwa tu geuza.

Kazi yenyewe tukaifanya Jumamosi Kuu, na mvua ya masika ilikuwa inanyesha toka asubuhi kwahiyo kutoka haiwezekani, siku nzuri kwa kitu cha jikoni. Kuchoma nilifanya mimi, kikaango kizito, gesi ya chini kabisa, nageuza bila kuacha kama dakika 25. Watoto niliwaweka mlangoni wanuse tu, na hii nawashauri mfanye maana harufu inabadilika wakiwa wanaisikia, mwanzo siki kali mpaka macho yanawasha, inapungua pungua, halafu ghafla nyumba nzima inanukia keki. Punje zikianza kupasuka pa! pa! kama bisi zimekaribia, toa moja imenye, ganda likiachia lenyewe zima moto.

Zikishapoa kidogo hapo sasa ni zamu ya watoto, na kwa kweli sijaona kazi ya jikoni inayomfaa mtoto wa miaka minne kuliko kumenya kokoa, hakuna kisu, hakuna moto, ukibinya ganda linavunjika. Mdogo alikaa nusu saa nzima bila kuinuka, kitu ambacho kwake hakipo. Vipande vilivyochanganyika na maganda bibi akavichukua kwenye ungo akaanza kupepeta, na wale watoto wakaacha kila kitu wakawa wanaangalia mikono yake tu, ungo unaruka kidogo, maganda yanapeperuka, kokoa inabaki mbele. Mkubwa akaomba ajaribu akamwaga nusu sakafuni, bibi akamshika mikono kwa nyuma wakapepeta pamoja. Hiyo picha nilipiga, ipo kwenye simu na nitaitoa nikaioshe.

Kwa hesabu, kilo moja ya punje kavu ukishachoma na kumenya unabaki na kama gramu 700 na kidogo. Zile 700 tulizigawa mara mbili, kila awamu kokoa gramu 350 na sukari gramu 150. Sukari isage kwanza peke yake kwenye blenda kavu mpaka iwe unga laini. Ukitaka ya maziwa tumia maziwa ya unga, ya maji usithubutu na nitasema kwanini.

Kusaga tulianza na kinu maana bibi alisisitiza, kinu tulikipasha joto kwanza kwa kukijaza maji ya moto tukakikausha vizuri sana. Mwanzo unapata chenga, unatwanga, unatwanga, watoto wanapokezana mchi na bibi, halafu zile chenga zinaanza kung'aa, zinashikana, na baada ya muda bila kuongeza kitu chochote unaona umepata uji mzito mweusi. Mkubwa alipiga kelele, "Mama maji yametoka wapi?" Sio maji, ni mafuta, kokoa karibu nusu yake ni mafuta, sawasawa na karanga ukizitwanga sana. Baadae nikamalizia kwenye blenda na sukari, naiwasha kidogo naipumzisha ili isiungue. Laini kama ya dukani haitakuwa, niwe mkweli, viwandani wanasaga kwa mashine mpaka inakuwa laini kabisa, ya nyumbani ina chengachenga kwenye ulimi. Mimi naipenda hivo. Huko Italia kwenye kisiwa cha Sicily kuna mji unaitwa Modica chokoleti yao maarufu ni ya chengachenga na ndo sifa yake, kwahiyo msione aibu.

Kalibu ya kuumbia yai hatukununua, tulitumia maganda ya mayai yenyewe. Asubuhi niliwaachia watoto watoboe upande mpana kwa sindano, mimi nikapanua tundu mpaka ukubwa wa sarafu, tukatikisa ute na kiini kwenye bakuli (tulikula mayai ya kukaanga siku mbili), tukaosha, tukatoa ule utando mweupe wa ndani, tukachemsha maganda dakika kumi kwa usalama. Hapo ndo mkubwa akauliza kwani Yesu alikula mayai ya chokoleti? Nikamwambia hapana mwanangu, zamani huko Ulaya watu walikuwa hawali mayai Kwaresima nzima na kuku hawajui Kwaresima wanaendelea kutaga, kwahiyo Pasaka ikifika mayai ni mengi, wakawa wanayapaka rangi wanapeana. Ya chokoleti yalikuja baadae sana, Uingereza ilikuwa 1873, kampuni ya Fry kule Bristol ndo ilianza kuyauza, na Cadbury wakafuata miaka miwili mbele. Bibi akauliza, na kokoa walitoa wapi? Nikamwambia ya kutoka mbali, asili yake ni Amerika, huku Afrika ilikuwa bado haijashamiri. Leo zaidi ya nusu ya kokoa ya dunia inatoka Ivory Coast na Ghana. Bibi anajua mambo ya bei kuliko mimi, 2024 bei ya dunia ilipopanda mpaka ikapita dola 10,000 kwa tani ndo alibadilisha bati za nyumba yake.

Tukaja kwenye kumimina. Chokoleti ukishaiyeyusha kwenye bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto, itoe, ikoroge mpaka ipoe kidogo, kama una kipimajoto ni nyuzi 31 au 32, kama huna gusisha tone kwenye mdomo wa chini, ukisikia kama ya baridi kidogo iko tayari. Mimina ndani ya ganda, mpe mtoto alizungushe taratibu chokoleti iguse pande zote, ya ziada irudishe bakulini, ganda lisimamishe kwenye trei ya mayai liingie friji saa moja, rudia tena mara ya pili ili liwe nene. Kuzungusha ni kazi ya mtoto moja kwa moja, wanashika yai kama wameshika kifaranga.

Manne ya kwanza yalitoka vizuri. La tano lilikuwa la mdogo, na ganda lake lilikuwa na maji kidogo ndani sikuona, akazungusha, akarudisha ya ziada bakulini, na mbele ya macho yetu bakuli zima likakakamaa, kutoka uji likawa udongo, mwiko unasimama. Tone la maji tu linatosha kufanya hivo, sukari inalowa inashikana na hairudi tena. Mdogo akaona sura yangu akaanza kulia, kilio cha kweli kile cha bila sauti kwanza. Na mimi nilikuwa nimechoka, kokoa imetoka Kyela, imetwangwa saa mbili, nikashindwa kusema neno. Bibi ndo aliinuka akachemsha maziwa, akamimina ya moto kwenye lile bakuli kidogo kidogo huku anakoroga, ule udongo ukalainika, ukawa kinywaji kizito cheusi, akaweka na hiliki. Tukakaa sakafuni wote wanne tunakunywa kwenye vikombe vya chai, mvua inanyesha, mdogo kapakatwa na bibi yake na midevu ya chokoleti mpaka puani. Kwahiyo ikikukakamalia usimwage, ongeza maziwa ya moto mengi.

Awamu ya pili nikakausha kila ganda kwa pamba na tukapata mengine saba. Jumla kumi na moja.

Kitu kimoja nakazia kwa wa Dar, Tanga, Mombasa, sehemu zote za joto. Mapishi mengi ya mtandaoni yanasema ongeza mafuta ya nazi ili chokoleti iwe nyepesi. Kwetu usifanye. Mafuta ya nazi yanayeyuka kwenye nyuzi 24 au 25 hivi, angalia chupa yako kabatini, si ni maji muda wote? Sasa yai lako litasimama vipi mezani. Mafuta ya kokoa yenyewe yanavumilia mpaka kama 34, yaani karibu na joto la mwili, ndo maana inayeyukia mdomoni. Na ukitoa friji usilifungue hapohapo, liache limefungwa lizoee joto la nje polepole la sivyo linatoka jasho na sukari inapanda juu mabaka meupe. Sio ukungu, linalika.

Jumapili baada ya ibada, kabla ya pilau, kila mtu akamenya lake. Ganda linabanduka vipande vipande na ndani linatoka yai jeusi, na alama ya tundu chini. Bibi alimenya taratibu kuliko wote. Akavunja kipande akaweka mdomoni akafunga macho, akakaa nacho. Halafu akasema, "Kumbe ndo hii." Miaka zaidi ya thelathini anauza kokoa. Sikuweza kumjibu, nilienda kugeuza pilau ambalo halikuhitaji kugeuzwa.

Hakumaliza yai lake. Akaomba matatu ya kwenda nayo, awaoneshe majirani. Mkubwa akamwambia bibi yatayeyuka kwenye basi, ni mchana kutwa, bibi akajibu nipe hotipoti. Na kweli tukayatoa friji tukayafunga kwa foili, tukayalaza kwenye hotipoti lililokaa friji usiku kucha, juu tukajaza kitambaa, tukafunga. Saa kumi na moja alfajiri tukampakia pale stendi ya Mbezi, hotipoti kalipakata mwenyewe, konda alitaka kuliweka kwenye buti akakataa.

Alipiga usiku wa manane. Mawili yamefika mazima, moja limepasuka, hilo la kupasuka wamelila palepale na jirani yake aliyekuja kumpokea, ambae nae shamba lake la kokoa limepakana na letu toka mimi sijazaliwa. Kesho yake akapiga tena, jirani yuko nae hapo, kinu wanacho, kokoa wanayo, wanaomba niwatajie tena sukari ni kiasi gani. Nikamwandikia mkubwa kwenye karatasi akawasomea mwenyewe kwa sauti kwenye simu, taratibu, mara mbili: kokoa mia tatu hamsini, sukari mia moja hamsini, na maganda yawe makavu.