Siku ya 9 na ini jipya la kaka
Leo siku ya 9 tangu kaka yangu apandikizwe ini hapa Houston. Kila altrasaundi inapopita tumboni mimi husikiliza ule mvumo, fyuu, fyuu, damu ikiingia kwenye ini jipya. Ukinyamaza, huenda damu imeganda.

Nilimuuliza daktari kwa nini fomu zinauliza asili yetu. Akavuta kiti. Huku Marekani watu weusi hupata madonge ya damu mishipani zaidi ya Wazungu, na Waasia wako chini ya wote. Lakini ile kasoro ya kurithi kwenye protini ya kugandisha damu, Faktori V Leiden, inayoongeza hatari ya madonge na ambayo takriban Mzungu 1 kati ya 20 anayo, kwa Waafrika ni adimu sana. Na protini hiyo hutengenezwa na ini! Maana yake mtu anaweza kupewa ini pamoja na hatari ambayo ukoo wake haujawahi kuijua. Usiku kucha nimeliwaza hilo.

Jamani, donge likiingia mguuni, kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu wake hauonekani vizuri. Nesi amenifundisha kushika miguu yote miwili, nilinganishe joto na uvimbe. Jana jioni wa kushoto ulikuwa umejaa kidogo, nikabonyeza kengele papo hapo. Wameupima, hauna donge. Sasa amelala, soksi za kubana miguuni.