Mkono wa Kushoto

Ilikuwa Februari 2022, kafyu ya korona ndo kwanza imeondolewa Januari, Kampala watu wanatembea usiku kama ng'ombe waliofunguliwa zizi, wanamuziki wenzangu wote wanagombania tarehe za shoo, na mimi niko wapi, niko Busoga, mashariki ya Uganda, kijijini ndani ndani huko Iganga, nimekalia kigoda cha watu, nimeshika gitaa langu na kila nikigusa uzi wazee wanakunja uso kama wamelamba ndimu.

Ngoja nirudi nyuma kidogo.

Albamu ya kwanza niliitoa 2018. Nilifanya na fundi mmoja Makindye, Kampala hapo hapo, studio yake chumba kimoja, ukutani magodoro, ngoma za kompyuta, besi ya kompyuta, gitaa langu na sauti yangu, hata zile sauti za kuitikia ni mimi nimejirudia mara nne nne. Wimbo mmoja ukashika, redio zikaupiga, nikaanza kuitwa harusini, na mimi nikaona basi nishakuwa mtu. Na hapo naimba Kiswahili, Uganda hii, ambapo wazee wengi wa Kampala wakikisikia bado wanakumbuka mwanajeshi wa enzi za Amin anayewaamrisha washuke kwenye gari. Mi sikukichagua. Nimezaliwa Walukuba, Jinja, kwenye zile nyumba za wafanyakazi, mlango huu Mluhya, ule Mwacholi, ule Mjaluo, ule Msamia, sasa mtaongea nini. (Katiba imekipa nafasi ya lugha rasmi ya pili tangu 2005, lakini nenda stendi ya takisi, yaani matatu, Kampala uulize nauli kwa Kiswahili uone unavyoangaliwa.)

Baba alikuwa kiwanda cha nguo, Nyanza Textile, sisi tunaita Nytil. Jioni akitoka zamu anakaa mlangoni anapiga gitaa kavu, zile za mtindo wa omutibo wa kwao Kakamega, Kenya, kaka yangu anagonga chupa ya Fanta pembeni. Yeye ndo alinifundisha, na kitu alichonifundisha hasa ni mkono wa kushoto. Wa kulia hata mbuzi anaweza, alikuwa anasema, niangalie wa kushoto. Nikakua najivunia huo mkono. Kwenye shoo nikiona kuna wapiga gitaa wenzangu wamekaa mbele najigeuza kidogo ili wauone vizuri, ndo nilivyokuwa, siwezi kuficha.

Sasa albamu ya pili. Wakati wa lokidauni niliandika nyimbo 11, na zote 11 zilikuwa zinafanana kama watoto wa baba mmoja, beti tano tano, maneno yamejaa mpaka mlangoni, gitaa linakimbia chini yake. Fundi akasikiliza zote akasema safi, wa pili una hiti, tuweke biti ileile. Nilitakiwa nifurahi. Nikashuka ngazi nikanunua rolex, chapati iliyoviringishwa na mayai, pale chini nikaila nimesimama, na nakumbuka niliwaza tu kwamba nikiusikia tena ule wimbo wa pili nitatapika hii chapati.

Aliyetuokoa ni mke wa fundi, yeye Msoga. Siku moja anapika, studio na jiko ni ukuta mmoja, akachungulia akasema nyie mnahangaika na kinanda cha kompyuta na kwetu kuna embaire, marimba kubwa ya mbao, inayopigwa na watu nane. Fundi akacheka. Mi sikucheka maana embaire nilikuwa nishaiona mara moja utotoni, kwenye msiba, na usingizi ulikataa siku ile.

Tukaenda siku ya Ijumaa, laptopu moja, maiki nne, betri ya gari kwa ajili ya umeme. Tukasimama Namawojjolo kula gonja, ndizi za kuchoma, na kuku wa kijiti kama kila mtu, tukavuka daraja jipya la Jinja, Walukuba nikaipita bila kwenda kumsalimia mama (alikuja kulijua hilo, ni kesi nyingine).

Kama hujawahi kuiona embaire nikueleze. Wanachimba shimo ardhini, refu kama la kuzikia mtoto samahani lakini ndivyo lilivyo, pembeni mwake wanalaza mashina mawili ya mgomba mabichi, juu yake wanapanga vipande vya mti, hii ilikuwa na zaidi ya 20, kile kikubwa kabisa unaweza kukikalia, katikati ya kipande na kipande wanachomeka vijiti visihame. Shimo ndo spika. Wapigaji wanakaa pande zote mbili wanatazamana, na ikianza hata nyayo zako zinaisikia kabla ya masikio.

Mzee mwenye embaire alikuwa amefanya kazi Jinja miaka mingi, Kiswahili chake kile cha kiwandani. Tukasalimiana, kodheyo kodheyo, nikapiga magoti, tukapewa viazi vitamu na karanga. Halafu akasema, haya binti, imba.

Nikapiga wimbo wangu wa king'ora. Ni wimbo wa baba, kuhusu king'ora cha kiwanda kinacholia alfajiri mtaa mzima unaamka, hata watoto. Beti tano. Vijana wakajaribu kuingia na embaire chini yangu na ilikuwa balaa, yaani sijui niseme nini, ilikuwa kama redio mbili chumba kimoja.

Fundi akajua tatizo haraka kuliko mimi. Gitaa limegawa sauti, kutoka do mpaka do ya juu, vipande 12 vilivyo sawa. Wao wamegawa vipande 5, navyo vimeachana karibu sawasawa, kwa hiyo sauti zao zinaangukia katikati ya freti zangu, vile vyuma vya shingoni mwa gitaa, huwezi kuzipata hata ubonyeze vipi. Fundi akauliza kwa heshima zote kama haiwezekani kuchonga vile vipande kidogo vifuate gitaa, maana ndivyo vinavyotyuniwa, unapunguza mti kwa panga, ukipunguza chini katikati sauti inashuka, ukipunguza mwisho wa kipande inapanda.

Kukawa kimya. Kuku tu.

Mzee akanyoosha mkono, nikampa gitaa. Akaligeuza, akaligonga mgongoni, akashika zile funguo za kukazia nyuzi moja moja kama anamkagua mbuzi sokoni. Akasema, "Hii yako iko na masikio sita. Hii mti yangu haina sikio. Nani atageuka?"

Basi nikakaa chini pale pembeni ya shimo na mjukuu wake, kijana wa kama miaka 12, yeye anagonga kipande mi nakaza uzi, anagonga nakaza, anagonga nalegeza. Uzi wa kwanza ukakatika ukanichapa kidole. Nikaweka mwingine. Ilituchukua karibu saa nzima. Nyuzi sita, sauti zao tano, ya sita nikaifanya kurudia ile ya kwanza. Nikapiga nyuzi zote wazi bila kushika kitu na kwa mara ya kwanza siku ile mzee hakukunja uso.

Lakini ona sasa kilichotokea. Nikishika karibu freti yoyote, natoka nje. Kodi zangu zote za gitaa, zile za baba, zile za kujigeuza watu waone, hakuna hata moja inayofanya kazi. Ninachoweza kupiga ni nyuzi wazi tu, yaani mkono wa kulia, ule wa mbuzi. Wa kushoto sikujua niuweke wapi. Niliuweka kwenye goti, nikautoa, nikaushikisha shingo ya gitaa tu kwa aibu kama mtu aliyeshika nguzo kwenye basi asianguke.

Na hata hapo bado sijaingia. Embaire haipigwi pamoja, mmoja anaanza, mwingine anaweka noti zake kwenye nafasi za yule wa kwanza, katikati katikati, wa tatu naye anajaza, na kila mmoja kwake yeye ndo yuko kwenye moja, yaani lile pigo la kwanza la kuanzia kuhesabu. Mi nilikuwa natafuta moja ni wapi. Naishika, nageuka kumwangalia wa upande wa pili, naye moja yake iko kwingine, nampoteza wangu. Mara kama kumi hivi. Fundi anarekodi, anafuta, betri inaisha, watoto wanacheka, mama mmoja alikuja na kapu la mihogo akakaa kabisa kuangalia sinema.

Yule kijana ndo akaniambia, kwa Lusoga fundi akitafsiri kwa msaada wa simu ya mkewe, kwamba nisimsikilize yeye. Nisikilize yangu. Nikiifuata yake nitaiba yake na yangu itabaki bila mtu.

Sikumwelewa siku ile. Tukalala.

Jumamosi wakakata mashina mapya ya mgomba kwa sababu ya jana yameanza kukauka na mzee anasema mti unakohoa. Mi sikusikia kikohozi chochote lakini baada ya kubadilisha nikasikia, kweli, ilikuwa inakohoa. Asubuhi mzee alikuwa ameniita nyuma ya nyumba akanionyesha bigwala, zile tarumbeta za kibuyu, ambazo UNESCO iliziweka 2012 kwenye orodha ya vitu vinavyohitaji kuokolewa haraka. Kila kibuyu kinatoa sauti moja tu. Moja. Mtu anasubiri zamu yake, anapuliza, ananyamaza. Nikamuuliza mzee na ukiwa peke yako unapiga nini. Akaniangalia kama nimemuuliza mtu peke yake anacheza vipi mpira.

Mchana tukarudia. Nikaanza ubeti wa kwanza na nilipofika mstari wa tatu mzee akainua fimbo yake, wote wakasimama. "Binti, wewe unamaliza hewa yote. Sisi tutapumua wapi?"

Iliniuma, sitasema uongo. Ule wimbo niliuandika miezi minne, kila neno nililipima. Nikatoka nikaenda kukaa kwenye bodaboda ya mtu pale uani na daftari. Nikakata ubeti wa tano, huo nilijua ni wa kujaza. Nikakata wa nne. Wa tatu ulikuwa na mstari kuhusu viatu vya baba ambao kila mtu ananisifia, nikaukata nikaurudisha nikaukata. Mwishowe nikabaki na mistari miwili, king'ora kimelia na nani ameamka, basi, mistari miwili ya albamu nzima niliyokuwa nikiitafuta tangu lokidauni.

Nikarudi. Nikaimba king'ora kimelia, nikanyamaza. Embaire ikaendelea. Halafu wakina mama kule jikoni, hakuna aliyewaomba, wakaitikia kwa Lusoga, mpaka leo sikumbuki kila neno lakini walikuwa wanaimba kuhusu jogoo, kwao king'ora ni jogoo si ndiyo, na mi nikauliza nani ameamka, wakaitikia tena, na mkono wangu wa kulia ukawa unapiga noti zangu tatu tu na sikumbuki kumtafuta mtu wala moja ya mtu. Ilikwenda dakika 14. Fundi alikuwa analia au jasho, sijui, alikuwa amevua hedifoni.

Dakika ya tisa jogoo wa kweli akawika. Yuko kwenye albamu. Fundi alitaka kumtoa, nikamwambia ukimtoa na mimi nitoe.

Kugombana kwa kweli kulikuja baadaye, Makindye, kwenye kuandika nani ametunga. Fundi anasema maneno ni yako, weka jina lako, wao waandike kama wapigaji, ndo kila mtu anavyofanya. Na ni kweli kila mtu anafanya hivyo, hata mimi kwenye ya kwanza niliandika mtunzi mimi, mpangaji mimi, kila kitu mimi, na ile besi iliyoshikisha wimbo ilikuwa ya fundi na sikumwandika. Nikamkumbusha hilo. Akanyamaza sana. Nadhani alikuwa amelibeba miaka minne na hakutegemea nilitaje mimi. Mwisho tukaandika nusu yangu, nusu yao wote wa kijijini, na kwenye nyimbo nyingine saba fundi akaingia kama mtunzi mwenza. Hela si nyingi, nisikudanganye, hela yenyewe ukiigawa kwa watu wanane na wakina mama wa jikoni inabaki ya sukari. Lakini kila ikiingia naituma kwa simu ya mzee na ananipigia kuuliza hii ni ya nini.

Shoo ya kwanza ya hiyo albamu tulifanya Jinja, ukumbi mdogo, vijana watatu wa embaire walikuja na vipande vyao kwenye takisi wakavilipia viti vinne. Shimo huwezi kuchimba kwenye sakafu ya watu kwa hiyo tulitumia masanduku ya soda, haikuwa sawa lakini ilienda. Mama alikaa mstari wa mbele na gauni lake la gomesi la bluu. Nilipiga wimbo wa king'ora wote na mkono wa kushoto umelala kwenye paja.

Alivumilia mpaka makofi yakaisha. Halafu kwa sauti, ukumbi mzima unasikia: "Huo mkono una nini? Umeumia?"

Nikamwambia hapana mama. Hakuamini. Asubuhi yake Walukuba niliamka nikakuta ameniwekea beseni la maji ya moto na chumvi nje mlangoni, pale pale baba alipokuwa anakaa, na kitambaa.