Kumbukumbu ya mradi: klasi za mfumo wa kikoba

Wiki hii sijagusa kurasa. Kazi yote imekuwa ya klasi, yaani vielelezo vya msimbo vinavyosema kila kitu kwenye mfumo kina taarifa gani na kinafanya nini, na nimeifurahia, maana kwenye mfumo unaoshika fedha za watu hapo ndipo pa kutumia muda. Natumia lugha ya Python na Django, kiunzi chake cha kujengea mifumo ya wavuti, na kanzidata, yaani ghala la taarifa, ni PostgreSQL.

Nimeanza kwa kuivunja klasi ya Mwanachama. Mama mmoja mtaani kwetu yumo kwenye vikoba viwili: huku ana hisa, kule ana mkopo. Kwa hiyo sasa kuna Mtu, kuna Kikundi, na katikati yao Uanachama. Hisa na mikopo vinashikamana na Uanachama. Jozi ya mtu na kikundi nimeiwekea sharti la upekee, ili kanzidata yenyewe ikatae kumwandikisha mtu mara mbili kwenye kikundi kilekile.

Lililonishughulisha zaidi ni salio. Wengi huweka safu ya salio kwenye jedwali la wanachama, wakaipandisha na kuishusha kila fedha inapopita. Mimi siitaki kabisa. Siku mwanachama akisimama kikaoni akauliza, "Mweka hazina, mbona hisa zangu hazifiki?", namba tupu haimjibu. Kwangu salio ni jumla ya miamala. Klasi ya Muamala ina tarehe, kiasi, aina na uanachama, na muamala ukishahifadhiwa haubadilishwi wala haufutwi. Katibu akiandika 50,000 badala ya 5,000, anaongeza muamala wa kuutangua ule, kisha ule sahihi. Yote mitatu inabaki, na kila mtu anaweza kuisoma.

Kiasi ni Decimal, aina ya namba inayoshika desimali kama zilivyoandikwa, kamwe si float, inayozikadiria: Python ukiiambia ijumlishe 0.1 na 0.2 kwa float inakujibu 0.30000000000000004. Shilingi haina senti mitaani, lakini riba na mgawo wa mwisho wa mzunguko huzaa sehemu.

Mchango, Faini na Marejesho ningeweza kuvifanya klasi zinazorithi Muamala, yaani zinazochukua sifa zake na kuongeza zao. Ila Django humpa kila mrithi wa namna hiyo jedwali lake, na kila swali kwa kanzidata linaanza kuunganisha majedwali. Tofauti zao ni ndogo mno kustahili hayo. Safu ya aina inatosha. Mkopo ni habari nyingine, kwa sababu una maisha yake: unaombwa, unadhaminiwa, unatolewa, unalipwa. Huo una klasi yake, na malipo hupitia njia moja tu, lipa(), inayofunga kwanza mstari wa mkopo kwenye kanzidata, usibadilishwe na mwingine hadi imalize, ili marejesho mawili yakiingia kwa pamoja yasipishane.

Kinachofuata ni faini ya kuchelewa. Kiwango chake kinatoka kwenye katiba ya kikundi, na katiba hubadilishwa. Naelekea kuifanya Katiba iwe klasi yenye tarehe ya kuanza kutumika, kila mkopo ukiielekeza ile uliotolewa chini yake, ili kikao cha mwakani kisipandishe faini za mikopo ya mwaka huu.