Kuegemeza Nyanya kwa Pongoo za Mchikichi

Msimu wa mvua uliopita, katika bustani yangu ya nyuma ya nyumba hapa Mwanga, Kigoma, safu nzima ya nyanya ililala chini usiku mmoja wa upepo wa ziwani. Ilikuwa miche kumi na miwili ya Money Maker, aina ya nyanya ndefu, iliyokwisha kubeba vichala vitatu vitatu, na asubuhi niliikuta imelazwa topeni na matunda yake yamekandamizwa chini ya majani yaliyolowa. Niliinyanyua siku hiyo hiyo, lakini kabla ya wiki mbili kwisha matunda ya chini yalikuwa yameoza na bakajani, ugonjwa wa mabaka kwenye majani, imepanda hadi juu. Kosa halikuwa la mvua. Nilikuwa nimesimika vijiti vyembamba vya matete, kila kimoja kikisimama peke yake, na mche wa namna hiyo, ambao hauachi kurefuka maadamu una afya, huvishinda vijiti hivyo mara tu matunda yanapoanza kuwa mazito.

Anayepanda Tanya au Cal J anaweza kujikimu kwa kijiti kifupi, kwa kuwa mbegu hizo hufikia kimo chake na kusimama. Kwa nyanya ndefu ni lazima kuwe na egemeo la kweli, na hapo ndipo wengi hukata tamaa wakiulizia bei ya mbao. Mimi nilipata jibu kwa mzee jirani yangu, ambaye nilimkuta akisafisha michikichi yake. Baada ya kumwamkia nilimwomba makuti aliyokuwa akiyatupa, naye akanijibu, "Chukua yote mwanangu, ila uyalaze yakauke kwanza, ukiyasimika mabichi yatapinda."

Alisema kweli. Kila mkungu wa chikichi unapovunwa, makuti yaliyo chini yake hukatwa, na ndani ya kila kuti kuna upongoo, yaani ule uti mnene wa kati, ambao ukishatolewa majani hubaki fimbo ndefu na ngumu. Sehemu ya kuti iliyo karibu na shina ina miiba mikali, hivyo huikata na kuiacha, kisha huchukua kipande cha katikati chenye urefu wa mita 2 na kukiparua kwa panga mpaka kiwe laini kiganjani, kwa sababu kingo zake zikiachwa kali hukata kamba na kuchubua mche. Pongoo hizo huzilaza kivulini juu ya ardhi iliyo sawa, nikazikandamiza kwa mawe, kwa muda wa wiki mbili. Zile nilizoziegemeza ukutani kwa kukosa nafasi zilikauka zikiwa zimepinda kama upinde, na sikuweza kuzitumia.

Hata hivyo, upongoo pekee hautoshi kuhimili upepo. Katika kila mwisho wa safu yangu, ambayo ina urefu wa mita 6, nimesimika nguzo moja ya mkalitusi iliyozama sentimita 60, nikaivuta kwa nje kwa waya wa kufungia nondo hadi kwenye kigingi kilichopigwa kwa mshazari. Kati ya nguzo hizo mbili nimekaza kamba nene kwa juu, na kila upongoo umefungwa kwenye kamba hiyo, hivyo uzito wa mche mmoja hubebwa na safu nzima. Kamba yenyewe ilitoka kwenye wavu chakavu niliopewa na wavuvi wa Kibirizi. Wavu wa dagaa wenyewe haufai, kwa sababu matundu yake ni madogo mno na machipukizi hunasa humo, lakini kamba ya juu inayobeba maboya ni imara kuliko nyingi za dukani. Fedha niliyotoa mfukoni ilikuwa ya waya na nguzo mbili tu.

Upongoo husimikwa siku ile ile ya kuhamisha mche, sentimita 8 hivi kutoka kwenye shina. Ukisubiri mpaka mche uanze kuinama, utatoboa mizizi iliyokwisha kutanda, na vidonda hivyo ni mlango wa ugonjwa wa mnyauko. Kufunga nafunga kwa maganda makavu ya mgomba yaliyochanwa na kuloweshwa kidogo, nikiyazungusha kwa umbo la namba 8 ili mkanda upite kati ya shina na upongoo, na kuacha nafasi ya kidole kimoja kwa ajili ya shina linaloendelea kunenepa. Fundo hukaa chini ya jani, kamwe si chini kidogo ya kichala, kwa kuwa kichala kikilemea fundo hukatika. Kila baada ya siku saba napita tena, nafunga hatua moja juu zaidi, na kung'oa kwa vidole machipukizi ya kwapani, yaani yanayoota kati ya shina na jani, yakiwa bado mafupi.

Mchwa ndio adui wa pongoo. Watu huzipaka oili chafu ya magari, jambo nisilolikubali katika udongo ninaolimia chakula. Mimi huunguza ncha ya chini kwenye moto mpaka iwe nyeusi, na zimenitosha msimu mmoja. Msimu ukiisha nazichoma, sizirudishi bustanini, kwa maana egemeo lililokaa na mche mgonjwa hubeba ugonjwa huo. Kamba ya wavu huikunja yote na kuihifadhi, kwani vipande vyake haviozi ardhini.

Mvua za mwaka huu zimeshaanza, na safu iliyosimama kwa namna hii ina vichala vinne juu, majani yake ya chini yakiwa hayalowi topeni tena na matunda yakining'inia mahali ambapo matone ya tope hayafiki.